Mpangaji aliyesahaulika: Nyumba za Nakuru na Naivasha baada ya damu kumwagika

NYUMBA ya kupanga inapogeuka mahali pa mauaji, maiti huondolewa katika muda wa saa chache, polisi hufunga mlango, na vyombo vya habari huitangaza habari hiyo kwa siku mbili tatu. Baada ya hapo huanza kisa kingine ambacho aghalabu hakiandikwi. Ni nani atakayeisafisha damu? Ni nani atakayelipa kodi ya miezi ambayo mlango ulikuwa umefungwa? Na vyombo vya aliyekufa, au vya aliyetoroka, vitakwenda wapi?

Katika eneo la kati la Bonde la Ufa maswali haya hayahusu nyumba moja wala mbili. Mwezi Januari 2008, mitaa mizima ya wapangaji mjini Nakuru na Naivasha iligeuka mahali pa uhalifu kwa wakati mmoja. Jinsi serikali ilivyozishughulikia nyumba hizo, na watu waliokuwa wakiishi ndani yake, inaeleza mengi kuhusu yale yanayompata mpangaji wa kawaida hata leo, pale jirani yake anapouawa usiku na yeye kuamka asubuhi akikuta utepe wa polisi mlangoni.

Ukweli wenyewe ni mchungu. Taifa hili limezoea kupima hasara ya makao kwa hati ya ardhi. Aliye na shamba huhesabiwa, akajengewa na kurudishwa. Aliyekuwa akilipa kodi kila mwezi huchukuliwa kama mpita njia, mtu ambaye kwa kuwa hakumiliki kuta, basi hakupoteza kitu.

Siku za Januari 2008

Itakumbukwa kuwa matokeo ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007 yalitangazwa Desemba 30, na ghasia zikazuka karibu mara moja katika maeneo ya kaskazini mwa Bonde la Ufa, Nyanza, Nairobi na Pwani. Nakuru na Naivasha zilipokea wakimbizi kwa majuma kadhaa kabla ya moto wenyewe kuzifikia. Kati ya Januari 24 na 28, 2008, miji hiyo miwili iliingia katika mapigano yaliyowakumba Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wakalenjin, kila jamii ikiwa na waliouawa na waliofukuzwa.

Mjini Nakuru, mitaa iliyotajwa sana ni Kaptembwo, Rhonda, Mwariki, Ponda Mali na Free Area. Mjini Naivasha ilikuwa Kabati na Karagita, mitaa inayokaliwa na wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua yaliyo kando ya ziwa. Hii ni mitaa ya ploti: vyumba vya safu vinavyoukabili ua mmoja, bomba moja la maji, choo cha pamoja, na mara nyingi mwenye nyumba au jamaa yake akiishi katika ua huo huo. Mpangaji mmoja hutoka Siaya, wa pili Nyeri, wa tatu Kericho, na wa nne Kakamega. Kilichowakutanisha ni kodi nafuu na umbali mfupi hadi kazini.

Tukio lililobaki katika kumbukumbu ya taifa ni la Januari 27, 2008 mtaani Kabati, ambapo watu 19, wakiwemo watoto, waliteketea ndani ya nyumba moja waliyokuwa wamejificha. Maelfu ya wengine walikimbilia kituo cha polisi cha Naivasha na uwanja wa gereza. Huko Nakuru, uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo vilijaa mahema.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ambayo iliwasilisha ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini na mali za watu binafsi zaidi ya 117,000 zilizoharibiwa. Serikali kwa upande wake iliorodhesha watu 663,921 waliopoteza makao, na nyumba 78,254 zilizobomolewa au kuchomwa.

Takwimu hizo za serikali zinastahili kusomwa kwa makini. Kati ya waliopoteza makao, takribani 350,000 walikuwa katika kambi 118. Waliosalia, 313,921, hawakuingia kambini. Walijisitiri kwa jamaa na marafiki, au wakapanga chumba kingine katika mji mwingine. Serikali iliwaita wakimbizi waliojichanganya na jamii. Ni katika kundi hili la pili ambamo mpangaji wa mjini alipotelea.

Fidia iliyofuata shamba

Mnamo Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Kila familia iliyotambuliwa ilitarajiwa kupewa Sh10,000 za kuanzia maisha, na familia ambazo nyumba zao zilikuwa zimeharibiwa zikaahidiwa Sh25,000 za kujenga upya. Aidha, serikali na mashirika ya misaada yalijenga nyumba katika mashamba ya waathiriwa.

Jina la operesheni lenyewe lilionyesha upungufu wake. Kurudi nyumbani kunamfaa mtu mwenye nyumba ya kurudia. Mkulima wa Molo au Kuresoi angeweza kuonyesha mahali nyumba yake iliposimama, hata kama yalibaki majivu. Mpangaji wa Kaptembwo alikuwa na nini cha kuonyesha? Chumba hakikuwa chake. Pengine kilikuwa kimesimama vilevile, kikiwa na mpangaji mwingine ndani. Alichopoteza ni kitanda, godoro, jiko, sare za watoto, cherehani au mkokoteni aliokuwa akichumia riziki, vyeti vya shule, na amana aliyomwekea mwenye nyumba, ambayo wengi huiita dipositi. Vitu hivyo havikuwa na safu yao katika hesabu ya kujenga upya.

Walionusurika walijitafutia njia. Baadhi ya waliokuwa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru walichanga Sh10,000 zao, wakanunua kipande cha ardhi huko Pipeline na kupanga mahema yao humo. Wengine walifanya vivyo hivyo Maai Mahiu, wakaanzisha makazi ya Jikaze. Hatua hiyo ilionyesha ujasiri, lakini pia ilionyesha kuwa watu walikuwa wameelewa vyema lugha ya serikali: bila ardhi huonekani.

Baadaye serikali ilinunua mashamba na kuwagawia walioendelea kukaa kambini, kwa kipimo cha ekari 2.25 kwa kila familia. Mwaka 2013 ilitangaza Sh400,000 kwa kila familia iliyokuwa ingali kambini, ili kambi zifungwe. Waliojichanganya na jamii waliendelea kuulizia haki yao kwa miaka, na malipo yaliyowafikia baadhi yao yalikuja kwa kuchelewa na kuandamwa na malalamiko.

Mantiki iliyotumika ilikuwa ya kumlipa aonekanaye. Hema huonekana kutoka barabarani. Mwanamke aliyehama kutoka Kabati na kwenda kulala sakafuni kwa dadake mjini Kisumu, akilipa nusu ya kodi ya chumba kimoja, haonekani. Hata hivyo, yeye pia alitimuliwa katika makao yake kwa panga na moto.

Sheria yenyewe ilikuja kulitambua hilo. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani inamhesabu kuwa mkimbizi mtu aliyelazimika kukimbia nyumba yake au mahali pa makao yake ya kawaida. Maneno hayo ya mwisho yanamwingiza mpangaji bila shaka yoyote. Ila sheria hiyo ilipitishwa miaka minne baada ya tukio, wakati orodha zilikuwa zimekwisha kufungwa na watu wamekwisha kutawanyika.

Mwenye nyumba naye hakusalimika

Ni makosa kudhani kuwa mwenye nyumba alifaidika. Katika mitaa hii, mwenye ploti mara nyingi si tajiri. Ni mwalimu mstaafu, mjane aliyeachiwa kiwanja, au mfanyakazi wa zamani wa reli aliyejenga chumba kimoja kila mwaka kwa pensheni yake. Ploti ya vyumba kumi ndiyo karo ya watoto na dawa za uzeeni.

Wapo waliochomewa ploti kwa sababu ya kabila lao. Wapo waliochomewa kwa sababu ya kabila la wapangaji wao. Tume ya Waki ilieleza jinsi vikaratasi na vitisho vilivyotumika kuwashinikiza wenye nyumba wawafukuze wapangaji wa jamii fulani. Aliyekataa alihatarisha maisha na mali yake, na aliyekubali aliwatoa majirani zake nje usiku. Hapakuwa na chaguo la tatu, kwa kuwa polisi hawakuwako au hawakutosha.

Kwa upande wa bima, bima za kawaida za moto ziliacha nje hasara ya ghasia za kisiasa, isipokuwa kwa mteja aliyelipia kinga ya ziada. Mwenye ploti wa Rhonda, ikiwa alikuwa na bima yoyote, hakuwa na kinga hiyo. Hivyo mwenye nyumba aliyekuwa na deni la benki aliendelea kudaiwa kwa jengo ambalo halikuwapo tena.

Mjini Nairobi shida ilichukua sura nyingine. Huko Kibera na Mathare, wenye nyumba waliofukuzwa walilalamika kwa miaka kwamba watu wameingia katika vyumba vyao na kukataa kulipa kodi. Mwenye nyumba aliyekwenda kudai alitishwa. Nyumba ilibaki kuwa yake kwa jina tu.

Ramani mpya ya mitaa

Athari ya kudumu zaidi haipatikani katika ripoti ya hasara. Imo katika swali ambalo mtafuta nyumba huulizwa langoni, tena kwa upole: jina lako la pili nani?

Baada ya 2008, familia nyingi za Nakuru zilichagua kupanga mahali ambapo jamii yao ina watu wengi. Waliokuwa na ploti katika mitaa waliyoiona kuwa ya hatari waliuza, mara nyingi kwa bei ya hasara, au wakaikabidhi kwa ajenti na kuhama. Mtaa ambao zamani ulikuwa na mchanganyiko ukaanza kutambulishwa kwa kabila. Hakuna sheria iliyoamuru hivyo. Uliokuwa ukifanya kazi ni woga, pamoja na hesabu ya kawaida ya mtu mwenye watoto: uchaguzi unakuja tena baada ya miaka mitano.

Ikumbukwe kuwa woga huo haukuzaliwa 2008. Molo na Olenguruone zilikuwa zimeshuhudia mapigano ya kikabila kuanzia 1991 hadi 1992, na Njoro mnamo Januari 1998. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliyachunguza matukio hayo. Tofauti ni kwamba awali moto uliwaka mashambani na mji ukawa kimbilio. Mwaka 2008 mji wenyewe uliwaka, na waliokuwa wamekimbilia ploti za Nakuru kutoka Molo walijikuta wakikimbia mara ya pili.

Kodi yenyewe huufuata woga huo. Vyumba vya mtaa uliomwaga damu hushuka bei kwa muda, kisha huchukuliwa na watu ambao hawana uwezo wa kuchagua: mgeni mjini, kibarua, kijana anayeanza maisha. Ukuta hupakwa rangi, mlango hubadilishwa, na mpangaji mpya haambiwi chochote. Waswahili walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika mitaa hii, hata aliyeingia ndani hajui yaliyotokea humo.

Njia ya haki nayo iliishia njiani. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague, matukio ya Nakuru na Naivasha yalikuwa kiini cha kesi dhidi ya Francis Muthaura na Uhuru Kenyatta, ambao walikana mashtaka. Mashtaka dhidi ya Bw Muthaura yaliondolewa Machi 2013, na yale dhidi ya Bw Kenyatta Desemba 2014, upande wa mashtaka ukisema haukuwa na ushahidi wa kutosha. Kwa kuwa hapakuwa na hukumu, hapakuwa na fidia ya mahakama hiyo kwa waathiriwa.

Mnamo Machi 2015, Rais Kenyatta alitangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa muda wa miaka mitatu kwa ajili ya waathiriwa wa dhuluma za kihistoria. Rasimu ya kanuni za kuisimamia iliandaliwa, lakini utawala wake ulimalizika 2022 kabla waathiriwa wa Nakuru na Naivasha hawajalipwa kutoka katika hazina hiyo.

Mauaji ya siku za kawaida

Hata nje ya uchaguzi, swali la nyumba iliyomwaga damu halijapata jibu. Mwezi Juni 2022, wakazi wa Mawanga, viungani mwa jiji la Nakuru, waliingiwa na hofu baada ya wanawake kadhaa kuuawa ndani ya nyumba zao, na baadhi ya miili kuchomwa. Serikali iliahidi kuyavunja magenge, likiwemo lile lililojulikana kwa jina la Confirm. Januari 2024, mauaji ya wanawake wawili katika nyumba za kukodi kwa siku chache huko South B na Roysambu, jijini Nairobi, yalizua maandamano nchini, na serikali ikawaagiza wamiliki wa nyumba za aina hiyo wajisajili.

Agizo hilo lilihusu nyumba za wageni wa siku moja au mbili. Ploti ya kawaida, ambako Wakenya wengi wa mjini hulala, haikuguswa. Basi inafaa kutazama sheria zilizopo zinasema nini pale mauaji yanapotokea katika chumba cha mpangaji.

La kwanza ni ushahidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamfanya kuwa mkosaji mtu anayeharibu kwa makusudi kitu anachojua kinaweza kuhitajika mahakamani. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeharakisha kupiga deki na kupaka rangi kabla ya wapelelezi kumaliza kazi anaweza kujiingiza mashakani. Lakini ni lini wapelelezi wamemaliza? Mwenye nyumba wa kawaida hapewi barua. Husubiri simu, au huenda kituoni mara kwa mara kuuliza.

La pili ni mali ya marehemu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamkataza mtu yeyote kuingilia mali ya aliyekufa bila idhini ya kisheria. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu hawezi kulichukua friji la mpangaji aliyeuawa na kuliuza. Yeye sasa ni mdai kama wadai wengine, na mlango wake ni kwa familia ya marehemu na wasimamizi wa mirathi. Ni kweli kuwa ipo sheria nyingine, Sura ya 293, inayomruhusu mwenye nyumba kukamata mali kwa sababu ya kodi. Hiyo ilitungwa kwa mpangaji mkaidi aliye hai. Wengi huzichanganya sheria hizi mbili, na vyombo vya marehemu huishia kuibwa uani au kutupwa nje kabla mazishi hayajafanyika.

La tatu ni mshukiwa. Anayeshikwa kwa mauaji na kupelekwa rumande huacha chumba kimefungwa na vitu vyake ndani. Kukamatwa hakuvunji mkataba wa kupanga. Kodi huendelea kuhesabiwa, naye mwenye nyumba hana ruhusa ya kuvunja kufuli kwa hasira tu. Njia halali ni kutoa notisi na kwenda mbele ya chombo cha kisheria. Hapo ndipo linapoibuka tatizo la nne.

Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliunda baraza la kuamua migogoro ya nyumba za kuishi, lakini kwa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati. Ni vyumba vichache mjini Nakuru vinavyopatikana kwa bei hiyo, na nyumba ya vyumba viwili haipatikani kabisa. Mpangaji na mwenye nyumba wa leo hujikuta nje ya baraza lililokusudiwa kuwa rahisi na nafuu, wakielekezwa kwenye mahakama za kawaida zenye gharama na foleni. Mswada wa mwaka 2007 ulikusudia kuziunganisha sheria za kupanga, na mwingine wa mwaka 2021 ukaja na kusudi hilo hilo. Kule kurudiwa kwake baada ya miaka kumi na minne ni ushahidi tosha wa uzito ambao Bunge limeupa mpangaji.

La tano ni fidia. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa aliyeathiriwa na uhalifu haki ya kudai kurejeshewa au kulipwa hasara, ikiwemo ya mali, na inatambua hazina ya waathiriwa. Kwa maandishi, mpangaji jirani aliyeunguliwa vyombo vyake na moto uliowashwa kuficha mauaji ana haki. Kwa vitendo, haki hiyo humngojea mkosaji apatikane, ahukumiwe, na awe na kitu cha kulipa.

Wengine wamefanyaje

Nchi nyingine zimelitazama suala hili kwa njia tofauti, na si lazima Kenya izifuate zote. Huko Gloucester, Uingereza, baraza la mji liliibomoa mwaka 1996 nyumba ya Cromwell Street ambako watu kadhaa walikuwa wameuawa, ili isigeuke kivutio cha watazamaji. Hiyo ni njia ya nchi yenye nyumba za kutosha. Mjini Naivasha, kubomoa chumba ni kuongeza idadi ya wasio na makao.

Jimbo la California nchini Marekani limechagua njia ya kutoa habari. Mwenye nyumba hashtakiwi kwa kutokutaja kifo kilichotokea zaidi ya miaka mitatu kabla ya mpangaji au mnunuzi kujitokeza, ila haruhusiwi kudanganya akiulizwa. Japani nayo ilitoa mwongozo mwaka 2021 unaokaribiana na huo: kwa nyumba za kupanga, mauaji hutajwa kwa takribani miaka mitatu, ilhali vifo vya kawaida vya uzee na maradhi si lazima vitajwe.

Somo kubwa zaidi, hata hivyo, linatoka katika sheria ya Uingereza kuhusu ghasia. Tangu 1886, mtu ambaye nyumba yake au vitu vilivyomo vimeharibiwa na kundi la wafanya ghasia ameweza kudai fidia kutoka kwa mamlaka ya polisi wa eneo lake. Sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine mwaka 2016, lakini msingi ulibaki: kulinda amani ni wajibu wa mamlaka, na wakishindwa, gharama isimwangukie mwenye kibanda peke yake. Hapo haihitajiki kumsubiri mchomaji apatikane.

Lau msingi kama huo ungekuwa katika sheria za Kenya mwaka 2008, mpangaji wa Kaptembwo angekuwa na mahali pa kupeleka orodha ya vyombo vyake, na mjane mwenye ploti mahali pa kupeleka picha za kuta zilizoungua. Wote wawili wangesimama katika foleni moja, badala ya kuachwa washukiane.

Kuelekea 2027

Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu watu 570,674 mjini humo na zaidi ya milioni 2.1 katika kaunti nzima. Ghorofa za kupangisha zinaota kila upande, kutoka Kiamunyi hadi Lanet. Jiji hili linategemea watu wasio na hati ya ardhi, na uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027.

Yapo mambo ambayo hayahitaji tume nyingine. Mkataba wa kupanga ulioandikwa, hata wa ukurasa mmoja, humpa mpangaji ushahidi kuwa aliishi mahali fulani na kuweka amana ya kiasi fulani. Mwaka 2008 wengi walikosa karatasi hiyo, na bila hiyo walikuwa maneno matupu mbele ya karani. Polisi wanaweza kutoa barua ya kukabidhi nyumba pindi upelelezi wa mahali pa tukio unapokamilika, ili mwenye nyumba ajue siku na saa. Chifu anaweza kuwa shahidi vyombo vya marehemu vinapoorodheshwa kabla ya kukabidhiwa familia. Na Bunge linaweza kukiinua kile kiwango cha Sh2,500 kifanane na kodi za leo.

Yapo pia yanayohitaji uamuzi wa kisiasa. Orodha yoyote ya waathiriwa itakayoandaliwa siku zijazo haina budi kuanza na swali kuhusu mahali ambapo mtu alikuwa akilala. Lile la alichokuwa akimiliki lifuate. Fidia ya vyombo, vifaa vya kazi na amana ihesabiwe sawasawa na fidia ya mabati na kuta.

Wapo watakaosema kuwa kuyafukua haya ni kutonesha kidonda, na kwamba yaliyopita si ndwele. Lakini kidonda hiki hakijafunga. Kinaonekana kila mara familia inapohamisha watoto mashambani miezi miwili kabla ya kura, na kila mara mtafuta nyumba anaposita langoni kabla ya kulitaja jina la baba yake. Wahenga walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ploti za Nakuru na Naivasha kuta zilijengwa upya zamani, zikapakwa rangi na kupata wapangaji wapya. Ufa ndio ambao haujazibwa.